NGANO SI MAHUBIRI: Mzazi Asiye na Dini na Hadithi za Watoto Wake

Katika insha hii twakusudia kuwatetea watu watatu ambao ni nadra kutetewa pamoja: mtoto aombaye hadithi, bibi aijuaye, na mzazi asiyeiamini. Twakusudia pia kuwapinga watu wawili ambao kila mmoja humdhania mwenziwe kuwa adui. Wa kwanza ni mzazi asiye na dini, aifukuzaye ngano nyumbani mwake kwa sababu ndani yake ametajwa Mungu, malaika au pepo. Wa pili ni mtu wa dini, aifukuzaye ngano kwa sababu ndani yake imetajwa mizimu, au aipokeaye kwa sharti kwamba mtoto aimeze kama katekisimu. Watu hawa wawili husemana vibaya, lakini kwetu sisi ni ndugu wa tumbo moja. Kosa lao ni moja: hawajui, au wamesahau, kwamba ngano si mahubiri.

Hatusemi haya kwa kubuni. Yalitukuta nyumbani.

Mpitimbi ni kijiji cha Ungoni, upande wa kusini wa mji wa Songea, mkoani Ruvuma. Watu wake ni wakulima wa mahindi, na jioni zake ni ndefu wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Hapo ndipo tulipokulia, na hapo ndipo mama yetu alipotusimulia ngano ya yatima na kata. Yatima alitumwa mtoni na mama wa kambo kuosha kata, na maji yakaichukua. Akafuata mto akiimba wimbo wa kuyaomba maji yamrudishie kata yake. Njiani akamkuta kikongwe mwenye vidonda mwili mzima, naye kikongwe akamwambia, "Nioshe." Yatima akamwosha, wala hakukunja uso. Basi kikongwe akamshika mkono akamwingiza chini ya maji, katika nchi isiyofikwa na walio hai. Huko akawekewa vikapu viwili, kimoja kikubwa chenye kung'aa, na kimoja kidogo kilichochakaa, achague. Akachagua kidogo. Alipofika nyumbani akakifungua, akaikuta kata yake, na nyuma ya kata wakatoka ng'ombe hata zizi lisiwatoshe. Binti wa mama wa kambo naye akaenda, akamtemea kikongwe mate, akachukua kikapu kikubwa. Na kilipofunguliwa wakatoka nyuki.

Mama yetu hakubatizwa. Kwake yeye kikongwe yule alikuwa hoka, mmojawapo wa mahoka, yaani wazee waliotangulia ambao Wangoni waliwaona kuwa wangali wanatuangalia. Dada yetu mkubwa alisoma shule ya misheni, akabatizwa, akawa mwana wa Kanisa hata kufa kwake. Aliposimulia ngano ileile kwa wajukuu wake, kikongwe alikuwa malaika aliyetumwa na Chapanga, na nchi ile ya chini ya maji ilikuwa na nuru kama ya altare siku ya Pasaka. Jina lilibadilika. Vidonda vilibaki vilevile, na mkono uliovisafisha ulibaki uleule, na wimbo haukubadilika hata neno moja.

Jioni moja mwanawe, mpwa wetu, alikuwa amerudi likizo. Yeye ni mtu aliyesoma hadi Chuo Kikuu, mwenye kazi na heshima yake, na tangu ujana aliiacha dini, wala hakujiunga na nyingine. Alikuwa amewaleta wanawe wakae na bibi yao. Alisimama mlangoni, akasikiliza hadi kikongwe alipotajwa kuwa malaika, kisha akakata: "Mama, usiwafundishe watoto mambo yasiyokuwapo. Hakuna malaika, wala hakuna nchi chini ya maji." Binti yake wa miaka minane akageuka akauliza: "Kwani bibi anasema uwongo?"

Hakuna aliyemjibu. Dada yetu alifukia moto kwa majivu, akaingia ndani akalala. Tangu jioni ile hakusimulia tena, si kwa wajukuu wale, wala kwa watoto wengine wa ua ule, waliozoea kuja kila mwandamo wa mwezi. Baada ya miaka miwili akafariki. Leo tunayo maneno ya ngano ile, kama tulivyoyaeleza hapo juu. Lakini wimbo wa yatima hatunao. Sisi tuliousikia utotoni twakumbuka mahadhi yake na maneno mawili matatu. Aliyeujua wote alinyamazishwa, naye aliyemnyamazisha hakukusudia ubaya.

Tulipomhoji mpwa wetu, alitujibu kwa adabu, na jibu lake ni haki tulieleze kwa ukamilifu, maana mwenye kupinga hoja dhaifu ya mwenziwe hajapinga kitu. Alisema: "Mjomba, sikumnyima mtoto hadithi. Nimemnyima hofu." Kisha akatueleza kwamba alipokuwa na umri kama wa binti yake, mtu mmoja aliyekuwa akiwafundisha watoto mambo ya dini aliwaambia kwamba wote waliokufa bila ubatizo wanaungua, na alipoulizwa juu ya babu, akasema naye babu anaungua. "Nilikuwa nikiamka usiku," alisema, "nikimwona babu motoni. Hakuna aliyeniambia kwamba ile ilikuwa hadithi. Niliapa kwamba wanangu hawatalala na moto ule."

Maneno hayo yalituchoma, kwa maana babu huyo ni baba yetu. Alikuwa mtu mpole, mfuma vikapu, na hatumjui mtu aliyetoka mlangoni pake na njaa. Basi twakiri mbele ya msomaji kwamba mpwa wetu alikuwa na haki kumi za kukasirika. Lakini ghadhabu yake ilimkosa mkosaji ikampata mama yake. Aliyemtisha hakusimulia ngano. Hakumwambia mtoto "hapo zamani za kale". Alimwambia "sasa hivi, na babu yako". Alichukua khofu akaivika vazi la ukweli, akamwachia mtoto bila mlango wa kutokea.

Ngano ina mlango. Na hii ndiyo hoja yetu ya kwanza.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua kwamba ulimi unaweza kujenga nyumba na unaweza kuichoma, kwa hiyo hawakuruhusu mtu aanze kusimulia mambo ya ajabu ghafula, kana kwamba anatoa habari za sokoni. Kila kabila lilikuwa na namna yake ya kubisha hodi. Kwa Kiswahili, ambacho sasa ni chetu sote, msimulizi husema "Paukwa!" na watoto huitika "Pakawa!" Au husema "Hadithi, hadithi!" nao humjibu kwamba hadithi na ije, uwongo na uje, utamu na ukolee. Tazama, ndugu msomaji, ni nani anayeuita uwongo? Si bibi, ni watoto wenyewe. Wanauita kwa jina lake, kwa sauti moja, huku wakicheka. Mtoto wa miaka minne aliyeitika hivyo amekwisha kutia sahihi mkataba ambao mabwana wengi wenye shahada hawauelewi: kwamba kwa muda wa ngano hii tutaamini, na ikiisha tutatoka. Na msimulizi akimaliza huufunga mlango ule kwa maneno ya kumalizia, watoto wakaenda kulala.

Kwa hiyo swali la binti yule, "Kwani bibi anasema uwongo?" lilikuwa na jibu, nalo ni jepesi. Ndiyo, mwanangu, anasema uwongo. Lakini ni ule uwongo tuliouita sisi wenyewe, na tulipouita tulisema njoo. Baba angaliweza kutamka maneno hayo pasipo kuisaliti akili yake. Bibi angaliweza kuyasikia pasipo kuisaliti imani yake, maana hata yeye, mcha Mungu kama alivyokuwa, hakudhani kwamba ng'ombe hutoka kikapuni.

Hoja yetu ya pili ni ya utamaduni wa Taifa. Nchi yetu ilichagua tangu mapema kwamba Serikali haina dini, bali wananchi wanazo dini zao. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 19, humpa kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa kuchagua katika mambo ya dini. Sisi twaelewa kwamba anayeweza kuchagua hii au ile anaweza pia kutochagua yoyote, wala hatutaki mpwa wetu asukumwe kanisani kwa fimbo. Lakini Serikali isiyo na dini haikuwa kamwe utamaduni usio na dini. Mtoto wa Kitanzania, hata aliyezaliwa na wazazi wasiosali popote, huimba Wimbo wa Taifa. Na wimbo huo, uliotokana na utenzi wa kanisani uliotungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, ni dua tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto huyohuyo akionywa na baba yake asitupe cha zamani kwa sababu ya kipya, huambiwa asiache mbachao kwa msala upitao. Baba asiyesali amekwisha kutandika msala katika sentensi yake, wala hakuhisi.

Je, afanye nini na vitabu? Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, ni hadithi ya ajabu kuliko nyingi zinazotoka ng'ambo. Mna majini, mna ndugu wawili wahasidi waliogeuzwa manyani, mna mji ambao watu wake wamekuwa mawe. Imani ya mtungaji imetanda humo kama ukungu juu ya bonde. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, na kitabu chake kimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kikristo, wa Kiislamu na wa mila, na twawajua walimu Wakristo wa Ungoni waliokipenda kuliko vitabu vyao vyote. Hatujapata kusikia kwamba mmoja wao alisilimu kwa sababu ya yale manyani. Walichojifunza ni kwamba husuda humgeuza mtu mnyama, na kwamba aliyedhulumiwa anaweza kuomba msamaha wa waliomdhulumu.

Twende mbele. Mwaka 1979 Tanzania Publishing House, lililokuwa shirika la umma, lilichapisha Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, ambao husimulia vita vya Mtume na masahaba zake juu ya mfalme wa kuogofya. Hiyo ilikuwa enzi ya Ujamaa, na miongoni mwa wasomi wetu walikuwamo wasioamini kitu kisichopimika kwa mizani. Hata hivyo Taifa lilitumia karatasi yake na wino wake kwa utenzi ule, kwa sababu ni mali ya Waswahili wote. Na Mwalimu Nyerere, aliyesisitiza kuliko wote kwamba Serikali haina dini, alizitia Injili katika utenzi, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1996 na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho. Kiongozi yuleyule aliitenga dini na Serikali, na mkono wake uleule haukuona haya kuitia katika ushairi. Alijua kwamba kuitenga dini na dola ni jambo moja, na kuing'oa katika lugha ni jambo jingine.

Hapa twamsikia mpinzani akisema: "Mwazungumza kwa urahisi, ninyi washairi. Lakini nyinyi ni watu wa Songea. Hamkumbuki maji?"

Twakumbuka. Hoja hiyo ndiyo nzito kuliko zote, na mtu wa Ruvuma hana haki ya kuikwepa. Mwaka 1905 habari za Kinjikitile wa Ngarambe, aliyesema kwamba maji yake yatageuza risasi kuwa maji, ziliifikia nchi yetu. Wapiganaji wa Ungoni waliyapokea, wakaenda mbele ya bunduki za Wajerumani, na risasi hazikugeuka. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa zaidi ya 60 walinyongwa mjini Songea wakazikwa katika kaburi moja, na baadhi yao walibatizwa muda mfupi kabla ya kitanzi. Kisha ikaja njaa, kwa maana mashamba na maghala yalichomwa na majeshi ya Wajerumani, na njaa hiyo iliua watu wengi kuliko risasi. Mpinzani wetu huuliza: je, huo si mwisho wa watu waliolelewa kwa masimulizi ya mizimu na maajabu?

Jibu letu ni hili. Kwanza, waliowaua wazee wetu ni watu wenye bunduki waliokuja kuwatawala. Tusimwondolee muuaji hatia kwa kuitupia ngano. Pili, maji hayakutolewa kama ngano. Hakuna aliyeyapokea akiitika "uwongo njoo". Yalitolewa kama amri na kama ahadi, na aliyeyatilia shaka alihesabiwa msaliti. Hapakuwa na mlango. Na tatu, tazameni jinsi Taifa lilivyoyashughulikia baadaye. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake Kinjeketile, na tangu hapo vijana wetu wa sekondari wameisoma darasani. Humo mna Hongo, mna kupagawa, mna maji, na mna mtu anayeteswa na shaka juu ya neno alilolitoa yeye mwenyewe. Hakuna mwalimu anayemtaka mwanafunzi amwabudu Hongo, na hakuna mzazi, mwenye dini au asiye nayo, aliyekuja shuleni kumwondoa mwanawe kwa ajili ya kipindi kile. Kwa nini? Kwa sababu jukwaa ni mlango. Kijana huingia, huona jinsi imani inavyowaunganisha watu na jinsi inavyoweza kuwapoteza, kisha hutoka akiwa na akili mbili badala ya moja. Aliyenyimwa masimulizi ya namna hiyo hatakuwa salama. Siku atakapomkuta mgawa maji wa kweli, na wagawa maji wapo hata leo, na wengine huyauza chupani, hatakuwa na mazoea ya kutambua.

Tusidhani kwamba mashaka haya ni ya Mpitimbi peke yake. Huko Uingereza C. S. Lewis alitoa mwaka 1950 kitabu cha kwanza katika mfululizo wa hadithi za watoto juu ya nchi ya Narnia. Ndani yake simba mkubwa, Aslan, hujitoa auawe badala ya mtoto mkosaji, kisha akafufuka. Wazazi wengi wasio na dini, huko na Marekani, wamejiuliza kama wawasomee watoto wao. Lewis mwenyewe alikulia katika nyumba ya Kikristo mjini Belfast, akaiacha imani ujanani, akairudia akiwa mtu mzima. Mwenziwe wa zama za karibu, Philip Pullman, ambaye si mtu wa dini na ambaye hakuzipenda hadithi za Lewis, alilelewa kwa sehemu na babu yake aliyekuwa mchungaji wa Kanisa la Kianglikana, akasikia masimulizi ya Biblia tangu utoto. Masimulizi hayo hayakumfanya muumini. Yalimfanya mtungaji, na kuanzia mwaka 1995 akatoa vitabu vyake vya kuipinga Narnia, navyo vimejaa malaika! Basi yule aliyelelewa na dini aliiacha, kisha akairudia; na huyu aliyelelewa na babu mchungaji hakubaki nayo. Hadithi haikumfunga yeyote kati yao kamba ya shingo. Iliwapa maneno ya kushindania.

Sasa twamgeukia ndugu yake wa tumbo moja, yule mtu wa dini, asije akadhani kwamba insha hii imeandikwa kumtetea yeye.

Misheni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, na tangu wakati huo Ungoni umepata shule, hospitali, ufundi na uchapaji ambao hatuna budi kuushukuru. Lakini wamisionari wengi wa kwanza, katika nchi yetu na kwingineko Afrika, waliyaona mambo yote ya wazee waliotangulia kuwa ni ya shetani, na wafuasi wao weusi wakawa wakali kuliko wao. Hadi leo wako watu wanaomkataza bibi kutaja mahoka mbele ya watoto, ilhali watoto haohao huonyeshwa michoro ya pepo wenye pembe na mikia, waliochorwa na watu wasiopata kuiona Afrika. Wako pia wanaoipokea ngano, lakini wakaikatiza katikati ili waeleze kwamba kikongwe ni fulani na kikapu ni fulani, mpaka mtoto akasinzia. Twawauliza: kama imani yenu ni imara, inaogopaje kikongwe mwenye vidonda? Na kama ngano yenu ni nzuri, kwa nini mwaipigia kelele kabla haijamaliza kusema?

Dada yetu alikuwa mwamini wa kweli, na hakufanya hata moja katika hayo. Alimvika kikongwe mbawa, basi. Hakuongeza kwamba binti aliyetema mate alikwenda motoni. Nyuki walitosha.

Na hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Ngano ya yatima imebadilisha mavazi mara mbili katika nyumba moja, kutoka hoka hata malaika. Mpwa wetu angaliweza kuibadilisha mara ya tatu. Angaliweza kumwambia binti yake kwamba kikongwe alikuwa mtu tu, mgonjwa aliyetupwa na jamaa zake, aliyeishi peke yake kando ya mto. Hatungalimlaumu. Bibi zake wote walifanya hivyo kabla yake, kila mmoja kwa kadiri ya imani yake, na ngano haikufa, kwa maana uti wake wa mgongo si jina la kikongwe. Uti wake ni mtoto asiye na mama anayeosha vidonda vya mtu asiyemjua, hali hajaahidiwa chochote. Jambo hilo halihitaji ubatizo, wala shahada, ili lieleweke. Mpwa wetu alikuwa na haki ya kuivika ngano vazi lake. Hakuwa na haki ya kuizika uchi.

Kwa wazazi wasio na dini, basi, twasema: simulieni, au waacheni wanaojua wasimulie. Fungueni mlango kwa maneno ya kale na ufungeni kwa maneno ya kale. Mtoto akiuliza, "Je, ni kweli?" msikimbilie kusema ndiyo wala la, mwambieni, "Bibi anaamini hivi, mimi naamini vile, nawe utakapokua utaona." Jibu hilo halimvunjii heshima mtu yeyote, na mtoto huweza kulibeba. Wala msimpe mtoto ngano ya upande mmoja. Asikie ya mahoka, ya malaika, ya majini ya pwani na ya sungura asiyeamini kitu ila akili yake. Aliyesikia nyingi hatekwi na moja. Lakini mtu yeyote akimtisha mwanao kwa moto, akimtajia babu yake kwa jina, hapo simama mlangoni useme kwa nguvu zako zote, na sisi wajomba tutasimama pamoja nawe.

Kwa walimu twasema: msiigeuze ngano kuwa somo la dini, wala msiigeuze kuwa somo la kuipinga dini. Mwambieni mwanafunzi aende nyumbani akaandike ngano moja kama ilivyosemwa, na jina la aliyeisema, na kijiji chake, na nyimbo zake zote neno kwa neno, hata kama ni za Kingoni, Kimatengo au Kindendeule. Ikiwa na Mungu, aandike Mungu. Ikiwa na hoka, aandike hoka. Asisahihishe imani ya bibi yake kwa wino mwekundu. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji daftari, kalamu na jioni moja.

Sisi wenyewe hatuna la kujivunia. Tumetunga mashairi kwa miaka mingi, tumetumikia Serikali, tumepita Mpitimbi kila likizo tukala ugali wa dada yetu, wala hatukuketi naye siku moja tukaandika. Tulidhani yupo. Tulimlaumu mpwa wetu kwa neno alilolisema, na sisi tunalaumiwa kwa lile ambalo hatukulifanya, na hatujui lipi ni zito.

Binti yule sasa ni msichana wa sekondari. Mwaka jana alituletea daftari ambalo ndani yake ameiandika ngano ya yatima kama anavyoikumbuka. Kikongwe amemwita malaika, kama bibi yake. Na pembeni ameandika kwa herufi ndogo kwamba mama wa bibi alimwita hoka, na kwamba baba hamwiti kitu. Mahali pa wimbo ameacha mistari minne mitupu. Baba yake ameisoma, wala hakufuta neno. Basi kama yuko mwalimu au mwanafunzi, Mpitimbi au kwingineko Ruvuma, ambaye bibi yake angali anajua wimbo wa mtoto anayeyaomba maji yamrudishie kata, na auandike mapema. Mistari ile minne ingali inangoja.